MAREHEMU PRINCE BADRU KAKUNGULU NA MABWENI YA KIBULI

Mji wa Kampala umejengwa juu ya vilima, na kila kilima kina habari zake. Namirembe ni kilima cha Waprotestanti, Rubaga na Nsambya ni vya Wakatoliki, na Kibuli ni kilima cha Waislamu. Atazamaye Kibuli kutoka katikati ya mji huona kwanza msikiti wake mkubwa. Akikaribia, huona kwamba msikiti ule umepakana na madarasa, na madarasa yamepakana na mabweni, na kwamba saa ya magharibi wapandao kilima kwenda kusali wengi wao ni vijana wa shule. Aliyekifanya kilima kile kuwa nyumba ya wanafunzi ni marehemu Prince Badru Kakungulu Wasajja, kiongozi wa Waislamu wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1991. Mambo ya siasa yaliyompata yamesimuliwa mara nyingi, nayo yatatajwa kwa ufupi mahali pake. Habari zinazoelezwa katika kurasa hizi hasa ni za kazi yake moja, ambayo huenda ndiyo iliyodumu kuliko zote: kumpatia mtoto wa Kiislamu mahali pa kulala, pa kula na pa kusali, awapo masomoni mbali na wazazi wake.

Kwanza inafaa msomaji asimchanganye na mtu mwingine wa jina hilo. Semei Kakungulu, jemadari aliyekwenda upande wa mashariki na kutawala Mbale, alikuwa mtu wa kizazi cha nyuma na wa habari nyingine kabisa. Badru Kakungulu alikuwa mwana wa Prince Nuhu Mbogo, na Mbogo alikuwa ndugu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Basi kwa ukoo Badru alikuwa baba mdogo wa Kabaka Daudi Chwa, ijapokuwa Kabaka huyo alimzidi umri kwa miaka kumi na zaidi. Katika nchi kama Buganda, ambako ukoo hutangulia mambo mengi, kuzaliwa hivyo kulimpa sauti ambayo fedha haziwezi kuinunua. Lakini kulimpa pia mzigo, kwa kuwa baba yake hakuwa mwana wa mfalme tu. Alikuwa ndiye baba wa jamii nzima ya Waislamu waliokuwa wameshindwa vitani.

Ili kuufahamu mzigo huo yapasa kurudi nyuma kidogo, mpaka kwenye jumba la Mutesa. Desturi ya Buganda ilikuwa kwamba watu wakubwa hupeleka wana wao katika nyumba ya Kabaka wakatumike, wajifunze adabu na mambo ya utawala. Vijana hao walilala huko, walikula huko, na kulelewa huko. Kwa maneno mengine, jumba la Kabaka lilikuwa shule ya kulala kabla neno hilo halijafika Uganda. Mutesa aliupokea Uislamu, na tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kumi hivi, na vijana wengi wa jumbani wakausoma Uislamu kwa bidii kuliko yeye mwenyewe. Hapo ndipo mashaka yalipoingia. Vijana walikataa kula nyama ya wanyama waliochinjwa na wasiokuwa Waislamu, wakakataa pia kusalishwa na mtu asiyetahiriwa, na Kabaka alikuwa hakutahiriwa. Mwaka 1876 waliuawa kwa makumi huko Namugongo, miaka kumi kabla ya mashahidi wa Kikristo kuuawa mahali hapo hapo. Jambo hili lisipite bila kutazamwa vizuri. Vijana wale wa malezi walifia chakula cha jikoni na sala ya jamaa, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuja kuwa kikwazo kwa wajukuu wao katika shule za miaka hamsini baadaye.

Baada ya Mutesa zilikuja vita za dini. Waislamu walimtawaza Kabaka Kalema mwaka 1888, wakaondolewa madarakani mwaka uliofuata, na Mbogo akabaki kuwa kiongozi wao. Mwaka 1893 Waingereza walimhamishia Zanzibar, akarudi mwaka 1895 akiwa mtu wa amani. Katika Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 alipewa maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake, pamoja na posho ya pauni 250 kwa mwaka. Ardhi hiyo ilikuwa haba ikilinganishwa na waliyopata machifu wa Kikristo na misheni zao. Hata hivyo ilikuwa ardhi, na mtu mwenye ardhi ana mahali pa kuweka jiwe la msingi. Mbogo alikaa Kibuli mpaka alipofariki mwaka 1921, na mwanawe Badru alikuwa bado kijana mdogo.

Wakati huo wenzao Wakristo walikuwa wamekwisha kwenda mbali. Wakatoliki walikuwa na shule ya Namilyango tangu 1902 na Kisubi tangu 1906. Waprotestanti walikuwa na Gayaza ya wasichana tangu 1905, na King's College ya Budo tangu 1906. Zote hizo zilikuwa shule za bweni, wala halikuwa jambo la bahati. Wamisionari walijua kwamba mtoto anayerudi kwao kila jioni hufundishwa na watu wawili, lakini yule anayelala shuleni hufundishwa na mmoja. Bweni ndilo lililomfanya mwanafunzi awe mtu wa namna nyingine: saa zake za kuamka, nguo zake, sala yake ya asubuhi, meza yake, rafiki zake, hata jina lake. Watoto wengi wa Kiislamu walioingia katika shule za misheni walitoka na majina ya ubatizo. Wengine walibatizwa ili wapate nafasi tu, wakasema moyoni kwamba watarudi, na baadhi yao hawakurudi.

Wazazi wa Kiislamu waliona hayo, wakawazuia watoto wao. Ni rahisi leo kuwalaumu kwa kukosa kuona mbele, lakini kwa hakika waliiona hatari iliyokuwapo. Walichokosa ni njia ya pili. Matokeo yake Waislamu wa Uganda wakawa wachuuzi, madereva na wachinjaji. Katika kazi hii ya mwisho lipo jambo la kushangaza: katika Uganda nzima ilikuwa desturi kwamba Mwislamu ndiye achinjaye, ili nyama iliwe na kila mtu sokoni bila ugomvi. Taifa zima lilikula kutoka mkono wa Mwislamu, huku mwana wake akiogopa kukaa kwenye meza ya shule.

Haikuwa kwamba Waislamu hawakuwa na malezi ya wanafunzi. Walikuwa nayo, tena ya zamani. Kijana aliyetaka elimu ya dini alikwenda nyumbani kwa sheikh, akalala huko pamoja na wenzake juu ya mikeka, akalima migomba ya mwalimu wake, akachota maji na kukata kuni, na mwalimu akamlisha na kumfundisha. Hapakuwa na karo wala saa ya kengele. Namna hii ilitoa masheikh hodari, na Kibuli penyewe palijulikana kwa darasa za wanazuoni, akiwamo Sheikh Shuaib Semakula. Lakini haikutoa karani, wala tabibu, wala mwalimu mwenye cheti, na serikali ya Kiingereza haikutambua elimu isiyokuwa na cheti. Kwa hiyo kijana wa Kiislamu alisimama kati ya nyumba mbili: moja ilimlea vyema wala haikumfungulia dunia, na ya pili ilimfungulia dunia na kumtaka alipie kwa dini yake.

Badru Kakungulu aliingia katika nyumba hiyo ya pili. Alisomeshwa Budo. Kilima cha Budo kiko yapata maili nane kutoka Kampala, karibu na Naggalabi, mahali wanapotawazwa makabaka, na shule ile ilijengwa kwa mfano wa shule za mabwana wa Uingereza. Wanafunzi walikuwa wamegawanywa katika nyumba, kila nyumba na mwalimu wake na viranja wake, na kanisa lilikuwa katikati ya maisha yote. Kumpeleka huko mwana wa Mbogo, kiongozi mtarajiwa wa Waislamu, hakukuwa jambo jepesi. Mtoto yule asingekuwa mwanafunzi mmoja miongoni mwa wengi. Kama angepotea, angepotea pamoja na tumaini la watu wengi. Lakini hakupotea. Alitoka Budo akiwa Mwislamu kama alivyoingia, akiwa na lugha ya Kiingereza, na mazoea ya kukaa pamoja na wana wa machifu, na mapenzi ya mchezo wa mpira ambayo hayakumtoka mpaka uzeeni.

Inawezekana kuona katika kazi zake za baadaye aliyoyachukua Budo na aliyoyaacha. Alichukua imani kwamba shule ya bweni ndiyo inayotengeneza viongozi. Hakuacha hata siku moja kuamini hivyo, ijapokuwa shule za kutwa zingekuwa rahisi zaidi kwa jamii maskini. Tena kwa Waislamu bweni lilikuwa lazima kwa sababu ya hesabu tu: walikuwa wachache na waliotawanyika, nyumba tatu kijiji hiki na nyumba mbili kijiji kile, tangu Butambala mpaka Busoga na Mbale na Ankole. Hapakuwa na njia ya kujenga shule kubwa mlangoni kwa kila mmoja wao. Kama shule haiwezi kuwafuata watoto, watoto hawana budi kuifuata shule, na wakiifuata lazima walale.

Uongozi wake haukuanza katika maji matulivu. Baada ya kufa Mbogo, Waislamu walikuwa wamegawanyika kwa sababu ya suala la kusali adhuhuri baada ya sala ya Ijumaa, wengine wakiifuata Kibuli na wengine wakimfuata Sheikh Abdallah Sekimwanyi wa Nateete. Ugomvi huo ulikula miaka mingi na nguvu nyingi, na haina haja ya kuufukua hapa. Linalohusu habari hii ni kwamba jamii iliyogawanyika haichangi fedha vizuri, na bila michango hakuna bweni.

Chombo alichofanyia kazi kilikuwa Umoja wa Elimu ya Waislamu wa Uganda, uliojulikana kwa herufi zake za UMEA, ambao katika miaka ya 1940 ulikuwa ukisimamia na kuanzisha shule za Waislamu katika nchi. Miongoni mwa waliojichosha kwa ajili yake ni Ramadhan Gava, ambaye jina lake lastahili kutajwa kila jina la Prince Badru linapotajwa. Shule nyingi za mwanzo zilikuwa vyumba vya udongo karibu na misikiti, na walimu wake walilipwa kidogo sana. Mnamo mwaka 1945 Aga Khan alianzisha huko Mombasa jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na kanuni yake ilikuwa nyepesi kufahamika: kila pauni moja watakayochanga Waislamu wenyewe, yeye ataongeza pauni moja. Prince Badru alikuwa miongoni mwa viongozi wa jumuiya hiyo kwa upande wa Uganda. Kanuni ile ilimfaa sana, kwa kuwa yeye alikuwa na kitu ambacho si fedha, lakini thamani yake haishuki, nacho ni ardhi.

Akatoa ardhi ya Kibuli. Jiwe la msingi la msikiti mkubwa liliwekwa mwaka 1941 na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951, na pembeni yake, katika ardhi hiyo hiyo ya urithi, zikapata nafasi shule ya watoto, chuo cha walimu, shule ya sekondari, na baadaye hospitali. Kufikia wakati wa uhuru mwaka 1962 mwana wa mkulima wa Kiislamu aliweza kufika Kibuli akiwa na sanduku lake la bati na godoro lake kichwani, akasoma masomo yale yale yaliyosomwa Budo na Kisubi, na akasikia adhana kutoka kitandani mwake. Baba wa kifalme angaliweza kuikata ardhi ile viwanja na kuviuza. Iko karibu na mji, na bei yake ilipanda kila mwaka. Waliomjua na wasiomjua, waliompenda na waliompinga, hawakuweza kulikana tendo hilo.

Lakini ardhi na matofali ni mwanzo tu. Mtu asiyepata kuangalia bweni hudhani kwamba ni chumba chenye vitanda. Kwa kweli bweni ni nyumba ya watoto mia wasiokuwa na mama, na nyumba kama hiyo ina mambo yake. Mtoto wa mwaka wa kwanza hulia usiku, naye hulia chini ya blanketi ili wenzake wasimsikie. Wakubwa huwaonea wadogo wasipoangaliwa. Homa ya malaria haingoji asubuhi. Sabuni huibwa. Posho na maharagwe, ambayo ndiyo chakula cha shule nyingi za Uganda, hupikwa vibaya siku moja, na siku hiyo shule nzima huwa na hasira. Wenye kumbukumbu wanajua kwamba mgomo wa wanafunzi wa Makerere mwaka 1952, uliomfanya Abu Mayanja afukuzwe chuoni, ulianzia kwenye chakula. Mayanja alikuwa kijana wa Kiislamu aliyepitia Budo kama Prince Badru. Baadaye alikwenda Cambridge, akaja kuwa waziri. Siasa kubwa ya Uganda ilipita kwenye sahani ya wanafunzi mwaka ule, na mlezi mwenye busara hulikumbuka jambo hilo.

Bweni la Kiislamu lina kazi zaidi ya hizo. Maji ya kutawadha hayana budi yapatikane mara tano kwa siku, na bomba moja kwa watoto mia halitoshi kabla ya alfajiri. Nyama yapasa ichinjwe na mkono unaojulikana. Mwezi wa Ramadhani jikoni hugeuka juu chini: wapishi huamka saa nane au saa tisa za usiku kupika daku, mchana majiko hubaki baridi, kisha futari hutakiwa kwa dakika, kwa kuwa mtoto aliyefunga huku akifanya hesabu na mpira hawezi kuambiwa angoje. Tena wapo watoto wadogo ambao saumu haijawalazimu, na wapo wagonjwa, na wapo wanafunzi Wakristo, kwa maana shule za Waislamu hazikuwafungia mlango, nao wote wanahitaji kula mchana bila kuwaudhi wenzao. Siku za mtihani zikiangukia Ramadhani, mlezi huhitaji hekima ambayo haiandikwi katika kitabu cha kanuni.

Iko pia habari ya karo, na hii ndiyo iliyowatoa watoto wengi njiani. Mkulima wa Buganda alipata fedha baada ya mavuno ya pamba au kahawa, lakini shule ilitaka fedha mwanzo wa muhula. Mtoto akirudishwa kwao kutafuta karo, mara nyingi asirudi tena. Kama ni msichana, aolewe. Shule iliyojengwa kwa ajili ya maskini haina budi kuwa na subira na deni, na subira hiyo lazima mtu fulani ailipe. Wengi waliokuja kuwa watu wakubwa miongoni mwa Waislamu wa Uganda walipata msaada wa Prince Badru katika masomo yao, na jumba lake halikuwa mbali na shule wala halikuwa na mlango wa kufungwa kwa mzazi aliyepanda kilima na shida yake.

Kazi yake iliyohitaji ushujaa zaidi, hata kuliko Kibuli, ilikuwa ya wasichana. Kama wazazi walikuwa na hofu juu ya mvulana, juu ya msichana walikuwa na hofu mara kumi. Kumtoa binti wa Kiislamu katika nyumba ya baba yake akalale mahali pengine miezi mitatu, katika wakati ambapo wengi waliona kwamba binti akijua Kurani na kupika amekwisha soma, kulikuwa ni kuomba kitu kikubwa. Mwaka 1954 jamii ya Waislamu, ikiongozwa na yeye, ilianzisha shule ya wasichana ya Nabisunsa, upande wa mashariki wa Kampala, karibu na barabara ya Jinja. Nusu karne ilikuwa imekaribia kutimia tangu Gayaza ianzishwe. Ukitaka kujua Waislamu wa Uganda walichelewa kiasi gani, hesabu ndiyo hiyo, na iliyobaki ni habari ya namna walivyokimbia ili kufikia wenzao.

Katika shule ya wasichana mwalimu mkuu si ndiye wa kwanza kupimwa na wazazi. Wa kwanza ni mama mlezi, matroni. Baba aliyemleta binti yake alitaka kumwona mama yule, aone anavyovaa, asikie anavyosema, ajue kama ana watoto wake mwenyewe. Hapo ndipo elimu ya wasichana wa Kiislamu ilipokubaliwa au kukataliwa: si darasani, bali katika uso wa mwanamke aliyeshika funguo za bweni. Nabisunsa ilipata imani hiyo pole pole, na miaka ilivyopita ikawa miongoni mwa shule za wasichana zinazotafutwa sana Uganda. Wakristo nao waliwapeleka binti zao huko. Katika nchi ambamo watoto wa Kiislamu walikuwa wakibatizwa ili wapate kitanda, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa.

Wapo waliomlaumu Prince Badru. Baadhi ya masheikh waliona kwamba shule zake zimemnyang'anya kijana saa za darasa na kumpa saa za kemia, na ya kuwa kijana atokaye huko anajua kusoma gazeti kuliko kusoma kitabu cha fiq'hi. Lawama hii haikuwa tupu. Somo la dini katika ratiba ya serikali lilikuwa dogo, na bweni, hata likiwa jema, halimtoi mwanazuoni. Wengine walisema kwamba mambo mengi mno ya Waislamu yamewekwa katika mkono wa nyumba moja ya kifalme ya Buganda, ilhali Waislamu wako pia Busoga, West Nile na Ankole. Mtu aweza kuyakubali hayo yote mawili, na bado akauliza ni nani mwingine katika miaka ile aliyekuwa tayari kutoa kilima.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika haraka. Katika miaka ya 1963 na 1964 serikali ilichukua usimamizi wa shule zote za madhehebu, na zile za Waislamu zikaingia humo. Karo na walimu vikawa mambo ya serikali, na waliozianzisha wakabakiwa na haki ya kuhifadhi desturi za shule: sala, jikoni, sikukuu. Kisha siasa ikamfikia yeye mwenyewe. Mwaka 1965 kiliundwa chama kingine cha Waislamu, NAAM, kilichoongozwa na Akbar Adoko Nekyon na kupendwa na serikali ya Obote, nacho kilishindana na Kibuli misikitini na mashuleni. Mwaka 1966 Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, na ufalme wa Buganda ukafutwa mwaka uliofuata. Prince Badru, mtu wa ukoo huo na kiongozi wa upande usiotakiwa, aliwekwa kizuizini, na alikuwa miongoni mwa wafungwa wa siasa walioachiliwa mapema mwaka 1971, baada ya Idi Amin kutwaa serikali. Jumuiya ya Aga Khan iliyowasaidia tangu 1945 ilikuwa imekwisha pigwa marufuku Tanzania mwaka 1968. Mwaka 1972 likaundwa Baraza Kuu la Waislamu la Uganda, na uongozi rasmi wa jamii ukaondoka Kibuli ukaenda Old Kampala.

Mtu mwingine angaliweza kunung'unika. Yeye alirudi kwenye kilima chake na shule zake, na mpira. Mwaka 1971 lilianza shindano la kombe la nchi lililoitwa kwa jina lake, Kombe la Kakungulu, na kwa miaka mingi vijana wengi wa Uganda ambao hawakupata kusikia habari za UMEA walilijua jina lake kwa sababu ya mpira. Mzee aliyetumia umri wake kati ya wavulana wa bweni hakosi kujua kwamba jioni isiyo na mpira huzaa ugomvi usiku.

Kisha vita vya mwaka 1979 vikaja, na Kampala ikatwaliwa mwezi wa Aprili. Kwa kuwa Amin alikuwa Mwislamu, Waislamu wengi wasio na hatia walilipishwa makosa yake, na huko Ankole waliuawa na kufukuzwa makwao. Katika miaka ile, na ile ya vita vilivyofuata hadi 1986, bweni lilikuwa na maana ambayo waanzilishi hawakuifikiria: kuna watoto ambao kwao shule ilikuwa salama kuliko nyumbani, na kuna ambao muhula ulipokwisha hawakuwa na pa kurudi.

Katika uzee wake Prince Badru aliona jambo moja ambalo mwaka 1945 lingechekwa. Mwezi wa Februari 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifungua milango yake Mbale, na kwa kuwa hakikuwa bado na majengo yake, kilianzia katika shule ya sekondari ya Nkoma, moja ya shule za Waislamu zilizokua katika zama zake. Wanafunzi wa chuo kikuu walilala katika mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya wavulana wa sekondari. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1991, alifariki, na uongozi wa Kibuli ukashikwa na mwanawe, Prince Kassim Nakibinge. Chuo kikuu kile nacho baadaye kilifungua tawi lake Kampala, katika kilima cha Kibuli, jirani na msikiti na shule ambazo marehemu alizipa ardhi ya baba yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.